Injini Iongezwe Mbio au Iongezwe Umri?

Mafunzo ya mbio za Safari kwa familia inayonunua gari au pikipiki

Katika gereji za Ruiru, na hususan huku kwetu Gitothua, kuna swali linalozuka karibu kila siku kati ya fundi na mteja wake. Kijana huja na gari lililotumika, alilonunuliwa na wazazi ili afanyie kazi, naye anataka bomba la moshi libadilishwe, turbo isukume zaidi, na mngurumo usikike mtaa wa tatu. Mama yake, ambaye pengine ameuza bangili zake au amechukua mkopo wa chama ili gari lile lipatikane, anataka jambo moja tu: chombo kiwake kesho asubuhi, na jioni kirudi na riziki. Fundi husimama katikati. Aiongeze injini mbio, au aiongeze umri?

Watu wengi huliona hili kuwa suala la vijana na wazee wao, la pupa na busara. Lakini ni suala la chuma, moto na mafuta kabla ya kuwa suala la tabia, na nchi yetu ililipima hadharani kwa miongo mingi, mbele ya macho ya ulimwengu, katika mbio za magari za Safari. Yeyote atakayesoma orodha ya washindi wa mbio hizo kwa makini ataona humo mambo yanayoihusu familia yake moja kwa moja, hata kama hajawahi kuutamani usukani wa gari la mashindano.

Kobe aliyewashinda swara

Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, kwa ajili ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Njia ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika barabara za udongo ambazo mvua ya saa moja iliweza kuzigeuza tope. Gari lililomaliza likiwa na adhabu chache kuliko yote lilikuwa Volkswagen, lile gari dogo lenye mgongo kama wa kobe, likiendeshwa na Alan Dix. Injini yake ilikuwa ya cc 1,131, yenye nguvu za farasi zipatazo 25 tu. Siku hizi pikipiki ya cc 250 yaweza kuwa na nguvu kama hizo.

Ilikuwaje gari dhaifu namna ile likafika mbele ya magari makubwa? Kwanza, Safari ya zamani haikuwa mbio za kupimana kasi uwanjani. Madereva walipewa muda wa kufika kila kituo, na kila dakika ya kuchelewa ilihesabiwa kuwa adhabu. Aliyevunjikiwa na gari kwa saa mbili porini hakuwa na njia ya kuzirudisha saa hizo, hata angelikuwa na farasi elfu. Pili, injini ya Volkswagen ile ilipozwa kwa upepo. Haikuwa na rejeta ya kutobolewa na jiwe wala maji ya kuchemka mlimani. Kitu kisichokuwepo hakiharibiki. Gari hilo lilishinda tena mwaka 1954, 1957 na 1962.

Baada yake likaja zamu la Peugeot. Mwaka 1963 yalianza magari zaidi ya 80, na kwa sababu ya mvua na tope yakamaliza saba peke yake. Mwaka 1968 yalianza zaidi ya 90, na safari hiyo pia yakamaliza saba. Mara zote mbili walioshinda walikuwa wale wale, Nick Nowicki na mwelekezi wake Paddy Cliff, na mara zote mbili waliendesha Peugeot 404, gari la familia lenye milango minne na injini ya silinda nne ya cc 1,618. Kati ya miaka hiyo miwili, Bert Shankland na Chris Rothwell walishinda mwaka 1966 na 1967, nao pia wakiwa ndani ya 404.

Majina hayo mawili, Volkswagen na Peugeot, hayakututoka. Mwendo mfupi kutoka Gitothua, mjini Thika, kiko kiwanda cha kuunganisha magari cha Kenya Vehicle Manufacturers. Hapo ndipo Volkswagen aina ya Polo Vivo ilipoanza kuunganishwa mwishoni mwa mwaka 2016, na Peugeot ikafuata mwaka 2017. Kizazi cha wajukuu wa magari yale ya tope kimepita mikononi mwa vijana wa Thika na Ruiru.

Nguvu ni mkopo

Ili kuelewa kwa nini hali ilikuwa hivyo, yafaa tujue nguvu ya injini hutoka wapi. Injini huchoma mchanganyiko wa petroli na hewa ndani ya silinda, na moto ule huisukuma pistoni. Anayetaka nguvu zaidi ana njia chache tu: aikuze silinda, aizungushe injini kwa kasi zaidi, aubane mchanganyiko kwa nguvu zaidi kabla ya kuuwasha, au aingize hewa kwa kuisukuma, kama ifanyavyo turbo. Hakuna njia ya tano ya kimiujiza. Na kila mojawapo ya njia hizo ina bei yake.

Tuchukue kasi ya mzunguko. Pistoni hupanda na kushuka, na kila inapofika mwisho wa safari yake husimama ghafla na kugeuka. Mzigo wa kuisimamisha na kuigeuza huubeba konrodi, yaani ule mkono unaoiunganisha pistoni na shafti ya krenki. Mzigo huo hauongezeki sawasawa na mzunguko. Ukiuzidisha mzunguko mara mbili, kutoka 3,000 hadi 6,000 kwa dakika, mzigo huwa mara nne. Kijana husikia mngurumo mtamu. Konrodi na beringi zake husikia jambo jingine kabisa. Zikichoka, hapo ndipo mafundi husema kwamba injini imenoki, na bili yake familia nyingi zinaijua.

Joto nalo lina hesabu yake. Katika injini ya petroli ya kawaida, takriban theluthi moja tu ya nishati ya mafuta hugeuka kuwa mwendo. Sehemu kubwa iliyobaki ni joto, ambalo halina budi kutolewa kwa maji, oili, upepo na bomba la moshi. Ukiongeza nguvu umeongeza na joto, ilhali rejeta ni ile ile na oili ni ile ile. Mchanganyiko ukibanwa kupita kiasi au ukapata joto mno, hulipuka wakati usiostahiki, nayo injini husikika kama inayogongwa kwa nyundo ndogo. Mgongo huo ukiendelea hutoboa pistoni na huunguza gasketi ya kichwa cha injini.

Kwa hiyo nguvu inayoongezwa na fundi ni mkopo. Huchukuliwa leo kutoka katika umri wa injini, nao hulipwa kidogo kidogo kwa oili safi, vipuri imara na mkono mpole, au hulipwa mara moja, kando ya barabara, usiku.

Silinda tatu zilizohesabiwa sita

Wasomaji wetu wa pwani, hasa walio katika familia za wavuvi, wanaijua aina nyingine ya injini inayolieleza jambo hili wazi zaidi. Ni injini ya mipigo miwili, ambayo imo katika mashine nyingi za boti zetu. Injini ya kawaida ya gari huwasha moto katika silinda mara moja kwa kila mizunguko miwili. Ya mipigo miwili huwasha kila mzunguko. Haina valvu kama zile za gari, ni nyepesi, ina sehemu chache za kuharibika, na kwa ukubwa wake ina nguvu za kushangaza. Ndiyo sababu ilipendwa pia katika nchi za baridi, katika vile vyombo vidogo vya kutelezea juu ya theluji, ambavyo vya zamani bado hushindanishwa hadi leo, na wenye navyo hubishana juu ya mbio na umri kama tunavyobishana sisi.

Injini hiyo iliwahi kushinda Safari. Mwaka 1956 Eric Cecil na Tony Vickers walishika nafasi ya kwanza wakiwa katika DKW ya Ujerumani, gari lenye silinda tatu na injini isiyofika lita moja. Waundaji wake walipenda kuliandika “3=6”, wakimaanisha kwamba silinda tatu zinazowaka kila mzunguko zinafanya kazi ya silinda sita za kawaida. Mwaka 1962 Pat Moss na Ann Riley, wanawake wawili, walimaliza wa tatu katika Saab 96, ambayo nayo ilikuwa ya mipigo miwili. Waliwaacha nyuma wanaume kadha wa kadha waliokuwa na magari makubwa zaidi.

Lakini injini ya mipigo miwili haina bakuli la oili. Oili yake huchanganywa na petroli, aghalabu sehemu 1 kwa sehemu 50 katika mashine nyingi za boti, na kipimo halisi ni kile kilichoandikwa na mwenye kuiunda. Kila tone la petroli linaloingia huingia na ulainisho wake. Basi petroli ikipungua, oili nayo hupungua. Gari la namna hiyo likishuka mteremko mrefu huku dereva ameondoa mguu kwenye mafuta, injini huzunguka kwa kasi bila ya kulainishwa, na pistoni yaweza kunata ndani ya silinda. Waundaji wa DKW na Saab walilijua hilo, wakaweka kifaa cha kuiachanisha injini na magurudumu wakati wa kushuka, ili injini ipumzike ilhali gari linateremka. Hawakuongeza nguvu yoyote. Walikiweka ili nguvu iliyokwishapatikana isijiue yenyewe.

Mvuvi anayepunguza oili ili aokoe shilingi, au anayeikaza mashine kupita kipimo ili awahi soko, anaiuza mashine yake vipande vipande pasi na kujua.

Magari ya mbio mbele ya gari la familia

Katika miaka ya 1970 kampuni kubwa za Ulaya zilileta Kenya magari yaliyoundwa mahsusi kwa mashindano. Mwaka 1974 Björn Waldegård wa Uswidi aliongoza akiwa katika Porsche 911, gari lenye kasi ya kutisha, kabla ya chuma cha kubebea gurudumu la nyuma kuvunjika na kumpotezea muda. Aliyeshinda alikuwa Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, ndani ya Mitsubishi Lancer yenye injini ndogo ya cc 1,600.

Mwaka uliofuata ilikuja Lancia Stratos, iliyobeba injini ya silinda sita ya Ferrari. Gari hilo liliipatia kampuni yake ubingwa wa dunia mwaka 1974, 1975 na 1976. Hapa Kenya lilimaliza la pili na la tatu mwaka 1975, na halikupata kushinda Safari hata mara moja. Mbele yake siku ile alikuwa Ove Andersson katika Peugeot 504, ndugu wa lile gari refu ambalo wazee wetu walilipanda kama teksi za masafa, abiria wamebanana na mizigo imefungwa juu. Peugeot 504 iliendelea kuunganishwa hapa nchini hadi miaka ya mwanzo ya 2000. Gari lililowabeba bibi harusi na magunia ya nazi lilikuwa limelishinda gari la mabingwa wa dunia.

Isidhaniwe hata hivyo kwamba udhaifu ni sifa, au kwamba nguvu ni laana. Mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland alishinda katika Ford Escort yenye injini kali ya valvu 16, akawa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kufanya hivyo. Toyota Celica zenye turbo zilishinda miaka mitatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986. Zilikuwa na nguvu tele. Siri yao ilikuwa kwamba kila nguvu iliyoongezwa ilipewa mlezi wake: njia ya kupoza, chujio la kuzuia vumbi, springi za kuhimili mashimo, na mafundi waliosubiri njiani wakiwa na vipuri mkononi. Fundi wa mtaani akiongeza turbo akaacha rejeta, breki na magurudumu vilivyokuwa, amechukua nusu ya somo, na nusu hiyo ndiyo yenye hatari.

Mguu wa dereva ni kipuri

Jambo jingine ambalo orodha ya Safari hutufunza ni kwamba injini haidumu peke yake. Joginder Singh alianza maisha kama fundi wa magari. Mwaka 1965, yeye na ndugu yake Jaswant walishinda katika Volvo ambayo haikuwa mpya. Ilikuwa imekwisha tumika mashindanoni kabla ya kufika mikononi mwao. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976. Katika Safari 22 alizoanza, alimaliza 19. Nambari hiyo ya mwisho inastahili kutazamwa kwa makini zaidi ya zile tatu za ushindi, maana katika mashindano ambayo wengi hawakufika, mtu huyu alifika karibu kila mwaka. Alisikiliza gari kama nahodha asikilizavyo jahazi, na nahodha mjuzi hangoji mlingoti ulie ndipo apunguze tanga.

Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya baada ya Waasia kufukuzwa na Idi Amin, alishinda mara tano: mwaka 1973, kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Mara zote tano aliendesha Datsun. Mwaka 1973 yeye na Harry Källström walimaliza wakiwa na adhabu sawa kabisa, na ushindi akapewa Mehta kwa sababu alikuwa amekwenda mbali zaidi toka mwanzo bila ya adhabu yoyote. Yaani aliyetunza tangu hatua ya kwanza ndiye aliyepewa taji.

Mguu wa dereva basi ni kipuri kama vipuri vingine. Gari moja, mikononi mwa ndugu wawili, laweza kuishi umri mbili tofauti.

Kutoka Ruiru hadi Mombasa

Liko jambo moja ambalo familia za pwani zilizohamia huku bara zinapaswa kulijua, hasa zinapojiandaa kwa safari ya sikukuu. Ruiru iko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,500, na hewa ya huku ni nyepesi. Injini ya kawaida isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kadiri inavyopanda, takriban sehemu 3 kwa 100 kwa kila mita 300. Kijana akiendesha pikipiki au gari la kabureta huku, huona ni zito, akamwambia fundi alirekebishe. Fundi hupunguza petroli ili iendane na hewa nyepesi, na injini hupata uhai.

Chombo hicho kikiteremka Mombasa hukutana na hewa nzito ya baharini. Hewa imeongezeka lakini petroli imebaki vile vile, kwa hiyo mchanganyiko huwa na petroli haba. Mchanganyiko haba huwaka kwa joto kali, na huko pwani jua nalo halina huruma. Injini ambayo haikuonyesha dalili yoyote Gitothua yaweza kuanza kugonga Mariakani na kuungua kabla ya Kilifi. Madereva wa Safari waliijua shida hii, kwa kuwa njia zao ziliwashusha kutoka nyanda za juu hadi Mombasa na kuwarudisha. Magari ya siku hizi yanayopimiwa petroli kwa kompyuta hujirekebisha yenyewe, maadamu vihisio vyake ni vizima na hakuna aliyeibadilisha programu yake ili kuongeza mbio. Lakini pikipiki nyingi na magari ya zamani bado hutegemea kabureta. Kabla ya kuteremka, mwambie fundi unakwenda wapi.

Magari ya zamani yarudi

Mwaka 2003, mbio za Safari zilipotimiza miaka 50, yalianzishwa mashindano ya Safari Classic kwa ajili ya magari ya zamani yanayosukumwa na magurudumu mawili tu. Mara kadhaa mashindano hayo yameanzia au kuishia Mombasa, na wakazi wa pwani wameziona kwa macho yao Escort, Datsun na Porsche za enzi za babu zao zikipita zimejaa vumbi. Waldegård, ambaye Porsche ilimponyoka mwaka 1974, alirudi akiwa amekwisha pita miaka 60, mwanawe Mathias akiwa mwelekezi wake. Walishinda mwaka 2007 katika Ford Escort, na mwaka 2011 katika Porsche 911. Gari ambalo halikuwahi kushinda Safari ya asili lilishinda hatimaye likiwa limezeeka.

Kilichobadilika ni hesabu ya watayarishaji. Wenye kuandaa magari haya wamejifunza kutoka kwa yale yaliyovunjika. Huimarisha bodi, springi na vyuma vya chini, hulinda tumbo la injini kwa bamba, huongeza uwezo wa kupoza oili, na aghalabu hukubali kuziacha nguvu za mwisho ambazo injini ingeweza kutoa, ili ifike kituo cha siku ya mwisho. Wanajua kwamba injini ya miaka 40 haiwezi kuagizwa dukani kesho.

Familia yetu nayo haiwezi kuagiza nyingine kesho.

Kwa wenye nyumba

Baba au mama anayenunua gari lililotumika, liwe limeshuka melini Mombasa au linauzwa na jirani, hana haja ya kuwa fundi ili ajue maswali ya kuuliza. Akague kwanza injini ikiwa baridi, kwa sababu muuzaji aliyekwisha ipasha moto kabla hujafika huenda ana la kuficha. Atazame moshi. Wa samawati huashiria kwamba oili inaungua ndani ya silinda. Mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto huashiria kwamba maji yanaingia mahali pasipo pake. Mweusi huashiria petroli iliyozidi. Afungue kifuniko cha oili. Akiona ute mweupe kama tui la nazi, maji na oili yamechanganyika, na gari hilo liachwe na mwenyewe. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kamwe injini ikiwa moto, kwani maji yale huruka na kubabua uso.

Aulize pia kama injini imewahi kuongezwa nguvu. Gari lililobadilishwa si gari baya kwa lazima, lakini bei yake isiwe ya juu kwa sababu hiyo, maana sehemu ya umri wake imekwisha tumiwa na mtu mwingine. Na kama mabadiliko hayo yapo, kampuni ya bima ijulishwe mapema, isije ikayagundua siku ya ajali.

Kwa kijana wa bodaboda, kutoboa bomba la moshi huongeza kelele kuliko kitu kingine chochote, na katika pikipiki ya kabureta kwaweza kuufanya mchanganyiko kuwa haba na injini kuwa moto. Oili ibadilishwe kwa wakati ulioandikwa katika kitabu cha pikipiki, na chujio la hewa lisafishwe mapema zaidi ya hapo ikiwa njia zake ni za vumbi. Mwenye gari la turbo aliache lizunguke taratibu kwa dakika moja au mbili baada ya mwendo mkali, kabla ya kulizima, ili oili iipoze turbo.

Familia inayoweka akiba ya gari iweke pia, tangu mwezi wa kwanza, fungu dogo la oili, chujio na breki. Fungu hilo ni dogo sana mbele ya bei ya injini nyingine, na mara nyingi ndilo linaloamua kama chombo kitamaliza mkopo wake au mkopo utakimaliza. Na kijana anapoomba nguvu zaidi, asikatazwe kwa ukali tu. Aulizwe swali ambalo waandaaji wa Safari hujiuliza: nguvu hii tukiiongeza, ni nini kitakachoipoza, ni nini kitakachoisimamisha, na ni nani atakayeilipia? Akiwa na majibu matatu, huenda ana fundi ndani yake. Asipokuwa nayo, na asubiri, kwani hata wale waliokuwa na farasi 25 walifika.